Habari za Joseph Hardy Niijima, Mwanafunzi wa Andover

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Massachusetts, upo mji mdogo uitwao Andover, na ndani yake imo shule ya bweni iitwayo Phillips Academy. Shule hii si ya serikali. Ilianzishwa mwaka 1778 na mtu mmoja jina lake Samuel Phillips, kwa mali ya jamaa yake, wakati nchi ile ilipokuwa ingali vitani na Waingereza. Nayo ingaliko hata leo. Wengi waliosoma humo wamekuwa watu wakuu, na wawili wamekuwa marais wa Marekani. Shule za namna hii hupenda kuwahesabu watu wao waliofanikiwa na kuwapa heshima, wala si vibaya. Lakini sisi twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwanafunzi mmoja wa shule ile ambaye hakuwa mtu wa Marekani, wala hakuwa na baba wa kumlipia karo, wala hakukijua Kiingereza ila maneno machache. Huyu ndiye Joseph Hardy Niijima, mtu wa Japani.

Alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa Edo, ambao sasa huitwa Tokyo. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kupata binti wanne, na babu yake alimngoja sana mtoto mwanamume. Baba yake alikuwa karani na mwalimu wa kuandika katika nyumba ya mtawala wa Annaka. Maana Japani siku zile iligawanyika katika milki nyingi, kila milki na bwana wake, nao wote walikuwa chini ya mkuu mmoja aliyeitwa Shogun. Watu wa ukoo wa askari waliitwa samurai. Kijana wa samurai alivaa panga mbili kiunoni na watu walimheshimu njiani, lakini hakuwa mtu wake mwenyewe. Alikuwa mtu wa bwana wake, aende anakotumwa, na akae anapoambiwa akae.

Yapasa msomaji ajue pia hali ya nchi. Kwa muda wa miaka zaidi ya 200 Japani ilikuwa imejifungia milango. Mtu aliyetoka kwenda nchi za ng'ambo, adhabu yake ilikuwa kifo. Dini ya Kikristo ilikatazwa, na amri ya kuikataza iliandikwa katika mbao zilizosimamishwa njiani ili kila mtu aione. Mwaka 1853 zilifika merikebu za kivita za Marekani, na milango ikaanza kufunguka kidogo. Walakini amri zile mbili zilikuwa bado.

Niijima alijifunza Kiholanzi, kisha hesabu na elimu ya kuongoza merikebu. Siku moja aliiona merikebu ya kivita ya Waholanzi katika ghuba ya Edo, akailinganisha na vyombo vya kwao, na moyo wake ukafadhaika. Baadaye rafiki yake alimwazima kitabu cha habari za Marekani kilichoandikwa kwa Kichina. Alisoma ya kwamba katika nchi ile watu humchagua mtawala wao, na ya kwamba shule ziko wazi hata kwa watoto wa maskini. Alishangaa mno. Kisha akapata vitabu vidogo vya Kikristo, navyo kwa Kichina, vilivyosomwa kwa siri, na humo akakuta habari za Mungu aliyeumba mbingu na nchi. Hapo alijiuliza ni nani aliyemwumba yeye. Akajijibu ya kuwa si baba wala mama, bali ni Mungu huyu. Na kama ndivyo, basi yampasa kumshukuru na kumtii yeye kabla ya bwana wa Annaka, hata kabla ya wazazi. Twaomba msomaji alione jambo hili. Hakuna mmisionari aliyekuwa amemhubiria bado. Alikuwa na kurasa chache tu na akili yake.

Mwaka 1864, alipokuwa na miaka 21, alipata ruhusa ya kwenda Hakodate, bandari ya kaskazini, kwa kisa cha kutafuta elimu. Huko alikaa katika nyumba ya kasisi wa Kirusi, Nikolai, akimfundisha Kijapani. Nikolai alipenda akae naye, lakini kijana alikuwa na shauri lingine moyoni. Usiku mmoja wa mwezi wa Julai rafiki yake alimvusha kwa mashua ndogo hata merikebu ya Kimarekani iitwayo Berlin, na nahodha William Savory akakubali kumficha. Asubuhi maofisa wa forodha walipokuja kukagua, yeye alikuwa amefungiwa ndani. Kama angaliguliwa, habari hizi zisingeandikwa na mtu ye yote.

Katika merikebu hiyo alifanya kazi ya utumishi, yeye mtoto wa samurai aliyezoea kutumikiwa. Siku moja abiria mmoja alimpiga kwa kuwa hakuielewa amri aliyopewa kwa Kiingereza. Niijima alikimbilia chumbani kwake kuchukua upanga amwue. Lakini alipoushika alisimama, akafikiri ya kwamba akishindwa kuvumilia jambo dogo kama hili, atawezaje kuyavumilia makubwa yaliyo mbele yake? Akaurudisha upanga. Huko Shanghai alihamia merikebu nyingine, Wild Rover, ya nahodha Horace Taylor. Nahodha huyo, kwa kuwa jina la Kijapani lilimshinda, akamwita Joe. Ilipofika Hong Kong, Niijima aliona Agano Jipya la Kichina katika duka, naye hakuwa na fedha. Basi akamwuzia nahodha upanga wake mfupi kwa dola 8, akakinunua kitabu kile.

Merikebu ilizunguka pwani za China kwa biashara miezi mingi, hata ikafika Boston mwezi wa Julai 1865. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha tu, Rais Lincoln alikuwa ameuawa miezi mitatu nyuma, na vitu vyote vilikuwa ghali. Mabaharia walimwambia ya kuwa hakuna mtu atakayemlisha mgeni bure. Wiki nyingi alikaa merikebuni akifanya kazi ngumu, akiomba usiku.

Mwenye merikebu alikuwa tajiri wa Boston, Alpheus Hardy. Huyu naye alikuwa amesoma Andover katika ujana wake, akikusudia kuwa mchungaji. Lakini afya yake ilivunjika, akalazimika kuacha masomo. Alihuzunika sana. Kisha akafanya agano na Mungu, ya kwamba kama hawezi kumtumikia kwa kuhubiri, atamtumikia kwa biashara, na faida itakuwa mali ya kazi ya Mungu. Aliposikia habari za kijana yule alimwomba aandike sababu za kutoroka kwao. Niijima akaandika kwa Kiingereza kibovu sana, nao Bwana Hardy na mkewe walipoyasoma maandiko yale waliamua kumpokea, si kama mtumishi, bali kama mwana. Kwa hiyo alichukua baadaye jina la Hardy kati ya majina yake.

Hivyo Niijima aliingia Phillips Academy mwaka 1865. Kwa miaka miwili alisoma Kiingereza, hesabu na Maandiko, mtu mzima wa miaka 22 kati ya wavulana. Mwisho wa mwaka 1866 alibatizwa hapo Andover. Mwaka 1867 aliingia chuo cha Amherst, na mwaka 1870 akahitimu, Mjapani wa kwanza kupata digrii katika chuo cha nchi za magharibi. Hakuwa wa kwanza darasani. Walimu wake walimsifu zaidi kwa tabia kuliko kwa wepesi wa akili, nasi twaliandika neno hili kusudi, kwa ajili ya wale wadhanio ya kuwa shule huzaa matunda kwa wenye akili nyepesi tu. Kisha alirudi Andover, safari hii katika chuo cha uchungaji.

Sasa lilikuja jaribu la namna nyingine. Serikali ya Shogun ilikuwa imeanguka mwaka 1868, na serikali mpya ya Japani ilitafuta kwa haraka watu wenye elimu. Mjumbe wake huko Washington, Mori Arinori, alimpatia Niijima hati ya ruhusa, hata hakuwa tena mkimbizi. Akataka pia kumrudishia Bwana Hardy gharama zote alizotumia. Niijima alikataa. Alijua ya kuwa anayelipiwa deni na mkubwa amekuwa mtu wa mkubwa yule, naye alikuwa amekwisha kutoka katika utumwa huo mara moja. Mwaka 1872 wakuu wa Japani walipofika Marekani wakiongozwa na Iwakura, walimwita awe mkalimani wa Tanaka Fujimaro, aliyetumwa kuchunguza habari za elimu. Alikubali, ila kwa mapatano ya mtu huru aliyeajiriwa, si kwa amri. Alizunguka naye Marekani na Ulaya akitazama shule za kila namna, wala siku ya Bwana hakukubali kusafiri. Walimpenda, wakamtaka arudi nao kwa kazi kubwa serikalini. Naye akarudi Andover kumaliza masomo yake.

Aliwekewa mikono kuwa mchungaji huko Boston mwezi wa Septemba 1874. Mwezi uliofuata ulikuwapo mkutano mkuu wa American Board, chama cha misioni, mjini Rutland katika jimbo la Vermont, naye alipewa nafasi ya kuaga kabla ya kurudi kwao. Rafiki zake walimshauri aseme maneno mafupi ya shukrani, asiombe kitu. Lakini aliposimama alisema habari za nchi yake, akaomba fedha za kujenga shule ya Kikristo Japani, akalia mbele ya watu, akasema hataondoka bila kupata. Zilitolewa ahadi za dola 5,000 hivi papo hapo. Baada ya mkutano mkulima mmoja mzee alimjia, akampa dola 2, ndiyo nauli yake ya kurudi nyumbani kwa gari la moshi, akasema atakwenda kwa miguu. Niijima aliyakumbuka matoleo hayo maisha yake yote, zaidi ya maelfu ya matajiri.

Alifika Japani mwisho wa Novemba 1874, akaenda Annaka kuwaona wazazi wake baada ya miaka kumi. Aliwahubiri watu wa huko, na mbegu ile ikaota: mwaka 1878 aliwabatiza watu 30, kanisa la Annaka likaanzishwa.

Shule aliijenga Kyoto, mji wa zamani wa wafalme. Watu walimwambia mahali pale hapafai, maana ulikuwa mji wa mahekalu ya Buddha na makuhani wake walikuwa wengi mno. Lakini alimpata rafiki, Yamamoto Kakuma, mshauri wa serikali ya mji. Mtu huyu alikuwa kipofu, na miguu yake ilikuwa haina nguvu. Lakini aliona mbali kuliko wenye macho. Alikuwa na kiwanja kikubwa mahali palipokuwa jumba la watawala wa Satsuma, akakitoa kwa bei ndogo. Makuhani walipeleka malalamiko kwa liwali, naye liwali, aliyekuwa mwema kwanza, akageuka. Ruhusa ilitolewa kwa sharti moja zito: Biblia isifundishwe shuleni.

Niijima na mwenzake, mmisionari Jerome Davis, walilikubali sharti lile. Wako waliowalaumu kwa hiyo. Sisi twaona walifanya kwa busara, maana shule ilianza, nayo Biblia ikafundishwa katika nyumba nyingine karibu. Tarehe 29 Novemba 1875 walifungua shule katika nyumba ya kupanga, wanafunzi 8 na walimu 2, baada ya kuomba nyumbani kwa Niijima. Waliiita Doshisha, maana yake chama cha watu wenye nia moja. Mwezi wa Januari 1876 alimwoa Yae, dada yake Yamamoto, aliyekuwa amepigana kwa bunduki katika ngome ya Aizu siku za vita vya 1868. Yae alikuwa mwalimu katika shule ya wasichana ya mji, akafukuzwa kazi kwa sababu ya uchumba huo. Mwaka ule ule mafundisho ya wasichana nayo yalianza, na Yae alisaidia.

Sasa msomaji atadhani ya kuwa mambo yalinyoka. La. Fedha zilitoka Marekani, na kwa sababu hiyo serikali ilimshuku Niijima kuwa mtumishi wa wageni, na shule yake kuwa mali ya wageni. Wamisionari wengine nao walitaka shule ya kuwafunza wahubiri tu, na kwao ilitosha. Niijima alitaka zaidi. Alitaka wahubiri, naam, lakini alitaka na waalimu, waandishi, waganga, watu wa sheria na wa biashara, wote wakiwa na dhamiri iliyofundishwa na Kristo. Maana aliona Japani inachukua bunduki na mitambo ya magharibi, na kuuacha moyo. Hivyo alisimama katikati, akivutwa huku na huku. Tena mwaka 1876 walikuja vijana wapatao 30 kutoka Kumamoto, waliofundishwa na Mmarekani mmoja kwa ukali na kwa ufundi mwingi. Hao walipofika waliona masomo ya Doshisha hayafikii kiasi cha yale waliyoyazoea, wakanung'unika waziwazi. Niijima hakuwa msemaji wa ajabu wala mwanachuoni mkubwa, nao waliliona hilo. Hakuwazuia wasiseme. Alipokea mengi ya mashauri yao, na kati yao wakatoka baadaye wachungaji na waandishi waliojulikana katika Japani yote. Mmoja wao, Kozaki Hiromichi, ndiye aliyeshika uongozi wa shule baada yake.

Twaja kwenye jambo ambalo watu wa Doshisha hulisimulia mpaka leo. Mwaka 1880 walimu waliunganisha madarasa mawili kuwa moja, wakati Niijima hayupo. Wanafunzi wa darasa la juu waliona wameaibishwa, wakagoma, wasiingie masomoni. Kwa sheria ya shule waliostahili adhabu walikuwa wanafunzi. Wengine walisema kosa ni la walimu. Niijima aliporudi, asubuhi ya tarehe 13 Aprili, aliwakusanya wote kwa sala, akasimama na fimbo mkononi. Aliwaambia ya kwamba sheria imevunjwa na haiwezi kuachwa bila adhabu. Lakini kosa si la wanafunzi, wala si la walimu, ni la yeye mkuu wao aliyeongoza vibaya. Basi mkuu ataadhibiwa. Akaunyosha mkono wake wa kushoto, akaupiga kwa fimbo kwa nguvu zake zote, tena na tena, hata fimbo ikavunjika vipande. Akaendelea kupiga kwa kipande kilichobaki. Wanafunzi walilia, na mmoja akaruka akamshika mkono. Vipande vya fimbo ile vingali vimehifadhiwa shuleni.

Kazi ilimla mwili. Mwaka 1884 madaktari na rafiki zake walimshurutisha aende ng'ambo kupumzika. Mwezi wa Agosti, akipanda mlima wa St. Gotthard huko Uswisi, moyo wake ulishindwa, pumzi zikakatika, akadhani amefika mwisho. Akiwa peke yake katika nyumba ya wageni aliandika wosia kwenye karatasi, akawashukuru akina Hardy na kuiombea Doshisha. Hakufa. Lakini tangu siku ile alijua ya kuwa siku zake zimehesabiwa, naye hakupunguza kazi. Twaona hapo alikosa kidogo kwa mke wake, aliyemlinda kama mlinzi wa mlango ili wageni wasimchoshe.

Alirudi Japani mwisho wa mwaka 1885. Mwaka 1887 Bwana Hardy alifariki, na Niijima aliomboleza kama mwana afiwaye na baba. Katika miaka hiyo alibishana pia na wenzake wengi juu ya kuunganisha makanisa mawili ya Kiprotestanti. Yeye alipinga, akiogopa kwamba uhuru wa kila usharika utapotea. Katika jambo hili wasomaji wetu wengine hawatakubaliana naye, na hata baadhi ya wanafunzi wake hawakukubali.

Shauri lake kuu sasa lilikuwa kuifanya Doshisha kuwa chuo kikuu, na safari hii aliomba fedha kwa Wajapani wenyewe. Mwaka 1888 mawaziri na matajiri waliokusanyika nyumbani kwa waziri Okuma waliahidi yen 31,000, na mwezi wa Novemba magazeti yalitangaza tamko lake kwa nchi nzima. Mwaka 1889 tajiri mmoja wa Marekani, J. N. Harris, alitoa dola 100,000 kwa shule ya sayansi. Mwaka huo huo Amherst ilimpa digrii ya heshima. Mwisho wa mwaka alikuwa Maebashi akikusanya michango katika baridi kali, akaugua. Wakampeleka Oiso, mji wa pwani.

Huko alilala mgonjwa. Yae alisafiri kutoka Kyoto akamkuta yu hai. Naye kwa pumzi chache alisema maneno yake ya mwisho, na wanafunzi wake wakayaandika: kwamba Doshisha isiwatendee vijana kama mitambo, wala isiwavunje wale wenye tabia ya kujitawala na vichwa vigumu, bali iwalee kwa jinsi walivyo, na kwamba Wajapani na wageni wafanye kazi pamoja bila ugomvi. Alifariki tarehe 23 Januari 1890, akiwa na miaka 46.

Mwili wake ulirudishwa Kyoto, na wanafunzi walilichukua jeneza mabegani kwa zamu, kutoka shuleni mpaka kilima cha Nyakuoji, wakamzika huko. Huko Amherst picha yake ilitundikwa katika kanisa la chuo, kati ya picha za wakuu wa chuo kile. Doshisha ilipewa daraja la chuo kikuu kwa sheria ya nchi mwaka 1920, miaka 30 baada ya kufa kwake. Yae alikuwa angali hai. Alifariki mwaka 1932, akazikwa kando ya mumewe kilimani.